Je, wajua kwa nini wakati wa korona Nairobi ilifungwa nchi ikiwa na wagonjwa 158, ikafunguliwa ikiwa na 8,000, na wengi wetu tukaona sawa tu?

Kuna hesabu moja ya wakati wa korona inanisumbua mpaka leo. Jumatatu ya Aprili 6, 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza hakuna kuingia wala kutoka Nairobi, na siku hiyo nchi nzima ilikuwa na wagonjwa 158 waliothibitishwa. Miezi mitatu kamili baadaye, Jumatatu tena, Julai 6, akafungua, na wagonjwa walikuwa washapita 8,000. Yaani ugonjwa ukiwa mdogo tulifungiwa, ulipozidi mara hamsini tukaachiliwa, na kwa plot yetu hakuna mtu aliuliza mbona iko hivo. Watu walikuwa wanauliza gari ya kwanza ya Kisii inatoka saa ngapi.

Sasa kwa nini? Rahisi kusema Wakenya ni wakaidi, au njaa ilishinda woga, na njaa ilikuwepo kweli, lakini haimalizi maneno. Kwenye runinga ilionekana kama kuna kambi mbili, ya kufungua na ya kufunga. Mtaani hazikuwepo. Mtu mmoja alikuwa anataka hiki kifunguliwe na kile kibaki kimefungwa, asubuhi hiyo hiyo na mdomo ule ule.

Kwanza tuelewane, tulizoea kusema "lokdauni" lakini Kenya hatukufungiwa ndani ya nyumba mchana kutwa kama wenzetu wa Uganda na Rwanda. Sisi tulikuwa na vitu vingi vimewekwa pamoja: kafyu ya usiku kuanzia Machi 27, 2020, mpaka wa Nairobi ambao ulifika daraja la Chania kule Thika na Rironi upande wa juu, matatu kubeba nusu ama zaidi kidogo ya watu wake (nisani ya abiria 14 ikabeba 8), baa kufungwa, kanisa na misikiti kufungwa, shule kufungwa, mazishi watu 15. Kila moja ya hivi ilimuuma mtu tofauti. Ndio maana ukimwuliza mtu "ungetaka serikali ilegeze?" jibu lake linategemea yeye anafikiria kamba gani, yaani sharti gani kati ya haya.

Chukua kafyu. Karibu na stage yetu huku Eastlands kuna mama anauza chapati na madondo, jiko mbili, meza moja na mwavuli umechanika upande mmoja. Wateja wake si watu wa mchana. Ni watu wa mjengo na wa Industrial Area wanaolipwa jioni, wanashuka kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu, mkononi wana mia tano ya siku na nyumbani hakuna friji, hakuna mahali pa kuweka chakula cha wiki, kila kitu kinanunuliwa cha kadogo, mafuta ya kupima, unga nusu kilo, chapati mbili na madondo ya thelathini ukimaliza unalala. Sasa kafyu ya kwanza ilikuwa saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Hesabu mwenyewe. Mfanyakazi anaachiliwa saa tisa ama saa kumi ili afike kabla ya saa moja, matatu ni chache, nauli ya hamsini imekuwa themanini au mia, wengine wanakanyaga lami kutoka Enterprise Road hadi Kayole, na akifika stage hana hata dakika ya kusimama kula manake anaona watu wanakimbia na yeye anakimbia. Mama alikuwa anabaki na chapati ishirini baridi, anazipeleka kwa watoto wake na wa majirani.

Juni 6 kafyu ikasogezwa ikawa saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Kwa magazeti hiyo ilikuwa habari ndogo, kubwa ilikuwa ati Nairobi imeongezewa siku nyingine 30 za kufungwa. Kwa yule mama ilikuwa kinyume kabisa. Mpaka wa Nairobi yeye haukumhusu, haendi popote. Yale masaa mawili, saa moja mpaka saa tatu, ndio ilikuwa biashara yake yote. Nakumbuka jioni ya kwanza alikuwa amekanda unga mara mbili, na dumu la maji la kunawa lenye koki ameliweka mbele kabisa na sabuni mpya juu, na mtu akigusa chapati kabla hajanawa anachapwa mkono na kijiko. Huyo si mtu hajali korona. Alikuwa anajali kuliko wengi wetu, ila alitaka masaa yake.

Na usisahau nyumba zenyewe. Ushauri ulikuwa kaa nyumbani, weka umbali. Nyumba ya futi kumi kwa kumi, watu watano, choo kimoja cha plot na mfereji mmoja ambao maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, hapo unaweka umbali na nani? Watu waliona mapema kwamba ndani ya plot walikuwa wamesongamana kuliko stage, kwa hivyo hoja ya kwamba kufunguliwa kutawasonganisha haikuwaingia. Kwa idadi ya shirika la takwimu, KNBS, watu walio na kazi nchini walipungua kwa karibu milioni 1.7 kati ya robo ya kwanza na ya pili ya 2020, na ukitembea mitaa ya mabanda ya Mukuru ama Mathare wakati huo hungehitaji KNBS ikuambie.

Halafu kuna rungu la polisi. Hii naona inasahaulika sana siku hizi tukikumbuka korona kama wakati wa maski na sanitaiza. Usiku wa kwanza wa kafyu watu walipigwa Likoni kule Mombasa wakingoja feri. Siku tatu baadaye, Machi 30, mtoto wa miaka 13 akauawa kwa risasi ya polisi akiwa amesimama kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, hapa Nairobi. Kabla ya wengi wetu kumjua hata mtu mmoja aliyeugua, tulishajua jina la mtu aliyeuawa na kafyu. Ukiongezea karantini ya lazima, ambapo mtu alikuwa anapelekwa siku 14 na kuambiwa alipe mwenyewe (mwezi wa Mei ndio serikali ilikuja kusema itawalipia), unaelewa kwa nini wengine waliogopa kupimwa kuliko kuugua. Kwa hivyo mtu akisema "waondoe hii kitu" mara nyingi hakuwa anasema tuache kunawa. Alikuwa anasema waondoe karao, yaani polisi, kwa hiyo kona.

Sasa hapo ndipo ushago, yaani kijijini kwenu, inageuza kila kitu.

Wale wale waliotaka kafyu iishe, ukiwauliza kuhusu barabara za kutoka Nairobi walikuwa wamegawanyika ndani ya roho zao. Upande mmoja, kodi imekwama, mwenye nyumba ameng'oa mlango wa jirani, ushago angalau kuna mahindi. Upande wa pili, kule ndiko wazazi wako, na korona inawaua wazee. Rafiki yangu mmoja alipiga simu nyumbani Vihiga usiku ule wa Julai 6, anafurahi, anasema mama nakuja kesho. Simu ikanyamaza kidogo. Kisha mama akamwambia, "Kaa huko kwanza, mwanangu. Watu hapa wanaogopa mtu wa Nairobi." Yeye alikuwa ameshakata tiketi. Akauza tiketi kwa hasara, mwezi uliofuata akatumiwa gunia la mahindi kwa lori na akatuma pesa kwa M-Pesa, ambayo wakati huo ukituma elfu moja kurudi chini ulikuwa hukatwi kitu.

Kwa hivyo nchi ile ile, siku ile ile, stesheni za mabasi za Nairobi, Country Bus na Nyamakima, zimejaa watu na mabegi, na huko wanakoenda watu wanataka mpaka ubaki. Na hata kabla ya Julai wengi walikuwa washapita njia za panya, unashuka kabla ya kizuizi, boda inakupitisha mashambani, unapanda gari nyingine ng'ambo. Wengine wao ndio walikuwa wakali zaidi wakifika kijijini, ati mpaka usifunguliwe, watu wa Nairobi wataleta ugonjwa. Nacheka lakini naelewa.

Kanisani nako kulikuwa na kesi yake. Zilipofunguliwa Julai masharti yalikuwa watu wasizidi 100, saa moja tu, na watoto chini ya miaka 13 na watu zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Sasa 58 si mzee! 58 ni mtu anapanga harusi ya kitinda mimba na bado anapanda matatu ya kusimama. Lakini ndio hao wamejenga kanisa, ndio wanatoa sadaka, ndio wana funguo za stoo. Nilisikia mama mmoja wa kikundi cha kina mama akisema afadhali wangebaki wamefunga kabisa kuliko kufungulia vijana wakaimbe bila yeye. Hiyo pia ni maoni kuhusu kulegeza, na hakuna fomu ya maoni ingeinasa.

Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Waislamu wengi, walipata dozi kali zaidi, mtaa mzima ukafungwa peke yake kuanzia Mei 6 kwa mwezi, maduka chini, katikati ya Ramadhani, na watu wakatoka barabarani kulalamika. Hata kabla ya hapo kafyu ya saa moja ilikuwa inakuachia kama nusu saa tu baada ya kufuturu. Wakazi wengi waliuliza swali ambalo ni gumu kulijibu: mbona sisi? Wengine nje ya Eastleigh waliona sawa, na ningesema ukweli walikuwa wanaona sawa kwa sababu si kwao. Kufungwa kwa mtaa wa mwingine huwa hakuumi.

Shule sitakaa hapo sana. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba 12, 2020 na wengine wote Januari 2021, na mzazi wa Nairobi aliyekaa na watoto wanne chumba kimoja miezi tisa hakuhitaji kushawishiwa.

Kilichobadilisha hewa kabisa ni 2021. Machi 26, Ijumaa, wiki moja kabla ya Pasaka, Rais akafunga tena: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, kafyu ya saa mbili usiku, baa chini. Safari hii ugonjwa ulikuwa mbaya kweli, zaidi ya sampuli 20 katika kila 100 zilikuwa zinapatikana na virusi, vitanda vya wagonjwa mahututi vimejaa, kila grupu la WhatsApp lina mchango wa oksijeni ama wa matanga. Kwa mantiki ya daktari hapo ndipo watu wangekubali kufungwa kwa urahisi kuliko 2020. Ikawa kinyume, watu walikasirika vibaya sana.

Sababu moja ni mifuko, akiba iliisha mwaka wa kwanza. Lakini kubwa naona ilikuwa hii: miezi ya nyuma wanasiasa, wa BBI (kambi ya Rais na Raila iliyotaka kubadilisha katiba) na wa hasla (kambi ya naibu wake, Ruto), wote walikuwa wamezunguka nchi wakijaza watu viwanjani, wanasimama juu ya gari bila maski. Mwaka wa 2020 mtu wa kawaida aliweza kujiambia tunaumia wote. Mwaka wa 2021 aliona wenzake wako mkutanoni, yeye anaambiwa asipeleke mayai ya Pasaka kwa shangazi Nakuru. Halafu Aprili, Jumamosi moja, polisi wakafunga Thika Road ilipogonga saa mbili, magari yakasimama kilomita na kilomita, ambulensi zikiwemo ndani ya foleni na king'ora kinalia. Baada ya ile usiku ungetafuta mtu wa kutetea kafyu kwa tochi, na hata wauguzi niliowajua, watu waliotaka masharti yakazwe, walikuwa wanauliza hii sasa inamkinga nani. Mei 1 masharti yakalegezwa, matatu zikarudi kujaza viti vyote Agosti.

Ukiweka hizi zote pamoja unaona kwa nini ile hesabu ya 158 na 8,000 haikutusumbua. Hatukuwa tunapima na idadi ya wagonjwa ya saa tisa jioni kwenye runinga, ingawa tulikuwa tunaitazama kila siku kama matokeo ya mpira. Tulikuwa tunapima na nani anabeba mzigo. Kamba ikikaza wote, watu walivumilia hata wakiwa na njaa, na ikikaza wengine tu ilikataliwa hata ugonjwa ukiwa mlangoni.

Kafyu yenyewe iliisha Mashujaa Dei, Oktoba 20, 2021, Rais akiwa Kirinyaga. Miezi karibu kumi na tisa. Kafyu ya siku hizo ilikuwa saa nne usiku, na jioni hiyo kwetu watu walikaa nje makusudi, hawana shughuli, wamesimama tu kwa stage wakiangalia simu, wanangoja saa nne ifike waione ikipita. Ilipofika mtu mmoja akapiga kelele, "Tuko nje!" na boda zikapiga honi.

Mama wa chapati hakuwepo. Alikuwa amefunga saa tatu na nusu, amemwaga makaa na kubeba meza. Nilimwuliza kesho yake mbona hakubaki, si sasa ni huru. Akaniambia wateja wenyewe siku hizi wanakuja mapema, wameshazoea, akibaki mpaka saa tano atamwuzia nani.