Luji sio kulala chali tu: dhana potofu na ukweli wake

Luji ni mchezo wa kushuka njia ya barafu ukiwa umelala chali juu ya sledi, yaani kitelezi kidogo, miguu mbele. Kila Olimpiki ya baridi ikifika lazima umkute mtu anaandika "ah hata mimi hiyo naiweza, si kulala tu mteremko ukubebe". Haya tuanze na hiyo hiyo.

Dhana: mchezaji analala tu, barafu inafanya kazi yote

Sledi ya luji haina usukani wala breki. Anayeiendesha anabonyeza ncha za mbele za vyuma vyake vya kutelezea kwa mashavu ya miguu, akitaka kwenda kushoto anabonyeza kwa mguu wa kulia, na mabega nayo yanasaidia. Pale juu anashika vishikio viwili, anajivuta mbele na nyuma kisha anajirusha, halafu anaparura barafu kwa glavu zenye vijino vidogo vya chuma ili apate spidi, ndo analala, na kichwa anakirudisha nyuma kiasi kwamba njia yenyewe haioni vizuri, na hapo anapita kilomita 130 kwa saa. Na watu wamekufa jamani. Mwaka 1964 Kazimierz Kay-Skrzypecki wa timu ya Uingereza alifariki mazoezini Igls, karibu na Innsbruck, Austria, kabla hata Olimpiki haijafunguliwa, na Olimpiki ya 2010 kule Whistler, Kanada, Nodar Kumaritashvili wa Georgia, kijana wa miaka 21, alifariki siku ileile ya ufunguzi, ikabidi wanaume waanzie chini zaidi kupunguza spidi.

Dhana: ni mchezo wa matajiri tangu enzi

Mashindano ya kwanza ya kimataifa yalikuwa Februari 12, 1883, Uswisi, kutoka Davos kushuka Klosters, kama kilomita 4 za barabara ya kawaida tu. Kweli walioandaa ni wenye hoteli na watalii walikuwepo, ila kati ya washiriki 21 walioshinda ni wawili waliofungana kwa dakika 9 na sekunde 15, mmoja mwanafunzi wa Australia, Georg Robertson, mwingine Peter Minsch, mpeleka barua wa Klosters. Posta! Gharama zimekuja baadaye, maana njia ya leo ni zege lenye mabomba ya kugandisha barafu (ya kwanza ya aina hiyo ilijengwa Königssee, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 60) na sio kila nchi ina hela ya kuweka friji ya zaidi ya kilomita moja mlimani. Kwa hiyo dhana hii ina ukweli nusu, imekosea karne tu.

Dhana: ilikuwepo Olimpiki tangu mwanzo, na wanawake waliongezwa baadaye sana

Kinyume kabisa. Bobslei (ya kukaa ndani ya kigari) ilikuwepo 1924, skeletoni (ya kulala kifudifudi) 1928, luji ikasubiri hadi 1964 Innsbruck. Ila ilivyoingia tu, wanawake waliingia nayo siku hizohizo, na Ortrun Enderlein wa Ujerumani Mashariki akachukua dhahabu. Linganisha na bobslei, wanawake walisubiri mpaka 2002.

Dhana: Wajerumani wanashinda kwa kupasha vyuma moto

Hii inatoka kwenye kisa cha kweli. Grenoble 1968 wanawake watatu wa Ujerumani Mashariki, Enderlein akiwemo tena akiwa anaongoza, walienguliwa kwa kosa la kupasha moto vyuma vya kutelezea, maana chuma cha moto kinateleza zaidi, dhahabu ikaenda kwa Erica Lechner wa Italia. Lakini siku hizi vyuma vinapimwa joto kabla mtu hajaondoka, kwa hiyo dhahabu 3 mfululizo za Mjerumani Georg Hackl (1992, 1994, 1998) utazielezaje? Mimi naona jibu ni njia zenyewe: Oberhof, Altenberg, Winterberg, Königssee, zote nchi moja, mtoto anaanza kuteleza bado mdogo.

Dhana: tofauti ni sekunde, jicho linaona

Haioni kitu. Sapporo 1972 timu mbili za wawiliwawili, Italia na Ujerumani Mashariki, zilifungana wote wakapewa dhahabu, baada ya hapo muda ukawa unahesabiwa kwa elfu moja ya sekunde. Nagano 1998 Silke Kraushaar alimpita Barbara Niedernhuber kwa sekunde 0.002, na hiyo ni jumla ya kushuka mara nne!

Dhana: Wajamaika wale walicheza luji

Hapana, wale Wajamaika wa Olimpiki ya Calgary, Kanada, 1988 ni bobslei, ile ya kukaa ndani ya kigari. Skeletoni unalala kifudifudi kichwa mbele, luji unalala chali miguu mbele. Mkitaka watu wa nchi za joto kwenye luji yupo Shiva Keshavan wa India, Olimpiki 6 kuanzia 1998 hadi 2018. Yupo pia Mtonga aliyezaliwa Fuahea Semi, akabadilisha jina rasmi kuwa Bruno Banani, jina la kampuni ya chupi ya Ujerumani iliyomdhamini, na kwa jina hilohilo akashiriki Sochi 2014 akamaliza wa 32.