Kofia ya spika: kazi yake, na namna ya kuibandika ikilegea

Kofia ya spika ni ile sehemu ya duara, iliyobinuka nje au kuzama ndani, iliyobandikwa katikati ya karatasi ya spika, yaani koni inayotikisika na kutoa sauti. Wengi huiona kama pambo, lakini inaziba njia ya kuingilia kwenye koili, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma karatasi. Chini yake koili inapanda na kushuka ndani ya mwanya wa sumaku, na nafasi iliyobaki kila upande haifiki hata milimita moja. Chembe ya chuma ikiingia humo, koili inakwaruza na vanishi ya waya inachubuka. Ikiachwa hivyo, koili itabidi isukwe upya.

Kwa Arusha na Moshi hili lina uzito wa pekee, kwa sababu udongo wa volkano wa Meru na Kilimanjaro una chembe nyeusi za madini ya chuma. Pitisha sumaku kwenye mchanga mweusi uliobaki mtaroni baada ya mvua, utaona inavyoota ndevu. Sumaku ya spika inazivuta vivyo hivyo. Spika inayopigwa mlangoni mwa duka kando ya barabara ya vumbi, au jirani na fundi wa kuchomelea anayetumia grenda, haifai kukaa hata wiki moja na kofia iliyofunguka.

Kofia hulegea gundi inapokauka na kupasuka kwa joto la koili na mtikisiko wa miaka. Dalili yake ni mkoromo mwembamba, kama karatasi inayotetemeka, unaotokea kwenye noti fulani za besi tu. Ili kuhakikisha, piga mlio mmoja wa majaribio kutoka kwenye simu, uupandishe polepole kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 30 hadi 300, sauti ikiwa ndogo. Ukifika pale inapokoroma, gusa ukingo wa kofia kwa kijiti cha pamba. Mkoromo ukikatika, umepata mahali. Usipokatika, angalia skrubu za fremu, na zile nyaya laini zinazotoka kwenye terminali kwenda kwenye karatasi. Mara nyingi ndizo zinazogonga.

Kabla ya gundi, zima amplifaya na usukume karatasi chini taratibu kwa vidole vya pande mbili zinazotazamana. Ukisikia mkwaruzo, uchafu umeshaingia au koili imepinda, na kubandika kofia hapo ni kuufungia ugonjwa ndani.

Kama kofia imeachia sehemu tu, usiibandue yote. Ondoa vumbi kwa brashi laini. Usipulize kwa kompresa, itausukuma uchafu ndani. Kwa kofia ya karatasi juu ya karatasi, gundi nyeupe ya mbao inatosha: inakauka bila kuwa nzito wala kukatika ovyo. Ichukue kwa njiti ya meno au bomba la sindano, uweke mstari wa milimita 1 hadi 2 chini ya ukingo ulioinuka, kisha ubonyeze kwa kidole mpaka ishike. Spika ilale chali kwa saa 24. Arusha, katika baridi ya Juni na Julai, ipe siku mbili.

Supaglu ndiyo inayoharibu spika nyingi. Ni nyepesi kama maji, inatiririka hadi kwenye mwanya na kuigandisha koili. Ikikauka inakuwa ngumu, inakatika tena, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kofia nyeusi. Kwa koni za plastiki gundi ya mbao haishiki. Tafuta gundi iliyoandikwa kuwa inashika polipropilini (aina ya plastiki).

Kofia ikiwa imetoka yote, una nafasi ya kusafisha mwanya. Kunja tepu ya karatasi juu ya kipande chembamba cha kadi, upande wa gundi uwe nje, uishushe ndani ya mwanya na kuizungusha. Badilisha tepu mpaka itoke safi. Ukilazimika kukata kofia ya zamani kwa wembe, kata juu juu, maana kwenye spika nyingi nyaya za koili zinapita chini ya ukingo wake.

Unaponunua kofia mpya, pima upana wa alama ya gundi iliyobaki kwenye karatasi, kwa milimita. Usipime kwa inchi za spika. Spika mbili za inchi 8 zinaweza kuwa na kofia tofauti kabisa. Fuata pia aina ya ile ya zamani. Kofia ya kitambaa au wavu inapitisha hewa inayopoza koili, hivyo usiipake gundi juu wala kuweka ya plastiki badala yake. Ile ya alumini inayong'aa husaidia kutoa sauti za juu. Ukiweka ya karatasi nzito, spika itasikika imefifia.

Gundi ikikauka, rudia mlio ule ule wa hezi 30 hadi 300, kwanza kwa sauti ndogo, kisha ongeza sauti.