Kumbembeleza mtoto sio kumdekeza, wazazi wa Mtwara tuelewane

Msimu wa korosho ukichanganya tu, sisi wa ustawi wa jamii malalamiko yanaongezeka, mara mtoto wa miaka miwili kachapwa fimbo kisa kulia, mara kashinda uani analia mpaka sauti imekauka. Wazazi wengi nia yao njema, ila wanasema ukimbembeleza atadeka. Jamani hapana, hili tunalirudia kila mkutano.

Mtoto mdogo hawezi kujituliza mwenyewe, sehemu ya ubongo inayozuia hasira inaendelea kukomaa mpaka mtu kapita miaka ishirini, kwahiyo anaanza kwa kutulizwa na mkubwa, na hiyo ikijirudia sana ndo taratibu anaweza peke yake. Kajitupa chini, kakaza mgongo, kamasi mpaka mdomoni, we chuchumaa, mfute na kanga, mwambie "umekasirika eeh, dada kakuchukulia kikombe", mbebe. Kikombe sio lazima apewe. Na msiseme haya ya wazungu, Mary Ainsworth, mtafiti wa saikolojia ya watoto, alifuatilia kina mama na watoto wao vijijini Uganda mwaka 1954 na 1955, watoto ambao mama zao wanawaelewa vizuri ndo walilia kidogo na kucheza bila wasiwasi.

Shamba lazima uende, tunajua. Ila usimtoroke alfajiri kalala, muage hata kama atalia, na abaki na mtu yuleyule anayemzoea, sio leo huyu kesho yule.

Sasa sheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 13 inakataza adhabu ya kikatili, na inasema wazi kwamba mtoto ambaye kwa udogo wake haelewi anaadhibiwa kwa nini, adhabu hiyo haina uhalali. Ukikutwa na hatia ni faini isiyozidi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote. Jirani akiona, atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, au apige 116, ni bure. Afisa ustawi atamuita mzazi wazungumze, akikaidi ndo suala linaenda mahakamani. Kuitwa sio kufungwa, watu wanakimbia wito bure!

Ukiitwa njoo na mtoto, na bibi anayeshinda naye aje pia, maana mara nyingi yeye ndo anamjua kuliko sisi wote.