Vichwa 1,550 vya New START havikuwa vichwa vyote

Tangu New START, mkataba wa kupunguza silaha za nyuklia za masafa marefu kati ya Marekani na Urusi, ufikie ukomo Februari 2026, kila mjadala wa nyuklia unazaa kauli ileile: "Walikuwa wameshateketeza mabomu, sasa wataanza kuyaunda upya." Kauli hiyo inapotosha. New START haukuagiza kichwa hata kimoja cha nyuklia, yaani bomu lenyewe linalobebwa na kombora au ndege, kiteketezwe, na anayeanzia kwenye kosa hilo hukosea kila kinachofuata.

Tazama kilichohesabiwa. Mkataba huo, uliotiwa saini Prague tarehe 8 Aprili 2010, uliweka mipaka mitatu: vichwa 1,550 vilivyo kazini; makombora ya masafa marefu na ndege nzito za mabomu 700 zilizo kazini; na mitambo ya kurushia na ndege 800, zikijumlishwa zilizo kazini na zisizo kazini. Shika neno "kazini". Kichwa kikifunguliwa kutoka kwenye kombora na kupelekwa ghalani, kinatoka kwenye hesabu ya mkataba, ingawa bado ni kizima na kinaweza kurudishwa. Ndiyo maana kufikia Machi 2023 Marekani ilikuwa na vichwa 1,419 kwa hesabu ya mkataba, ilhali akiba yake ya kijeshi Septemba mwaka huohuo, kwa takwimu zake yenyewe, ilikuwa vichwa 3,748. Na hapo vilivyostaafishwa, vinavyosubiri kufumuliwa (kutenganishwa vipande), havimo.

Hakuna aliyedanganya. Kanuni ndivyo zilivyoandikwa, na kwenye ndege zinashangaza zaidi: kila ndege nzito ilihesabiwa kuwa kichwa kimoja, wakati ndege ya Marekani ya B-52H inaweza kubeba makombora 20 ya kruzi, yanayoruka kama ndege hadi kwenye shabaha. Silaha za nyuklia za masafa mafupi hazikuguswa kabisa. Ukikutana na idadi yoyote ya vichwa, uliza kwanza: vilivyo kazini, vya akiba, au vilivyostaafishwa? Bila jibu hilo, idadi hiyo haifai kulinganishwa na nyingine.

Kilichoondolewa kweli ni uwezo wa kurusha. Marekani ilifunga mirija minne ya makombora katika kila nyambizi yake ya aina ya Ohio inayobeba makombora ya balestiki (yanayopaa juu kisha kuanguka kwenye shabaha), kutoka 24 hadi 20. Kwa nyambizi 14 ni mirija 56. Hata mkataba wa INF wa 1987, wa makombora ya ardhini ya masafa ya kati kati ya Marekani na Muungano wa Kisovieti, uliofuta makombora 2,692, uliruhusu kila upande uchomoe kichwa cha nyuklia na vifaa vya kuongoza kombora kabla ya kulichoma au kuliponda. Sababu ni nzito: kumthibitishia mpinzani kwamba kichwa kimefumuliwa ni hatua chache tu kabla ya kumwonyesha kilivyoundwa. Kwa hiyo kufumua vichwa kulibaki uamuzi wa kila nchi; Marekani hufanya kazi hiyo kwenye kiwanda cha Pantex, Texas.

Basi hatari baada ya mkataba haingoji kiwanda kipya. Trident II, kombora la nyambizi za Marekani, limeundwa kubeba hadi vichwa vinane, na kwa kawaida hubeba pungufu. Nafasi ipo, vichwa vipo ghalani. Nyambizi hupakiwa inaporudi bandarini. Makombora ya ardhini huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa lazima timu ifike kwenye kila shimo la kurushia, ifungue pua ya kombora na kufunga vichwa vya ziada.

Wapo wanaosema: "Setilaiti zinaona kila kitu." Zinaona mashimo, mabanda na gati. Haziwezi kuhesabu vichwa chini ya pua ya kombora. Kwa hilo palihitajika wakaguzi, ziara 18 kwa mwaka kila upande. Walichagua kombora wenyewe, pua ikafunguliwa, vichwa vikafunikwa kwa vitambaa, wakahesabu maumbo. Kifaa cha kupima mionzi kilitumika tu kuthibitisha kwamba kitu kilichotajwa kuwa si cha nyuklia kweli si cha nyuklia. Ukaguzi ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya Uviko-19 na haukurudi tena. Hasara hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Wengine husema: "Silaha mpya za Urusi zilikuwa nje ya mkataba." Baadhi tu. Avangard, chombo cha nyuklia kinachoteleza angani kwa kasi kubwa, hubebwa na kombora la masafa marefu, hivyo ilihesabiwa, na wakaguzi wa Marekani walionyeshwa Novemba 2019. Sarmat nalo ni kombora la masafa marefu. Poseidon, ambayo ni torpedo, na Burevestnik, kombora la kruzi linalosukumwa kwa nyuklia, hazikuingia kwenye fasili za mkataba, lakini Marekani ilikuwa na haki ya kuzileta mbele ya tume ya pamoja ya mashauriano ya nchi hizo mbili. Kikao cha tume hiyo kilichopangwa Cairo mwishoni mwa 2022 kiliahirishwa na Urusi. Na kasi peke yake si jambo jipya: kichwa cha kombora la masafa marefu hushuka kwa takriban kilomita 7 kwa sekunde tangu enzi za Vita Baridi. Upya wa Avangard ni kukata kona njiani.

Na kuna hii: "Putin alijitoa kwenye mkataba 2023." Alisimamisha ushiriki, na Urusi ikasema itabaki ndani ya mipaka ya idadi. Ilisema pia itaendelea na makubaliano ya 1988 ya kuarifiana kabla ya kurusha makombora ya masafa marefu. Hayo ni makubaliano tofauti na New START, na yanadai taarifa itolewe angalau saa 24 kabla.