Kazi, Uhamiaji na Maktaba: Jinsi Wizara Moja ya New Brunswick Inavyowahudumia Wenyeji na Wageni

Katika jimbo la New Brunswick, mashariki mwa Kanada, maktaba za umma ziko chini ya wizara ileile inayosimamia masharti ya kazi, mafunzo ya ufundi na mapokezi ya wahamiaji. Wizara hiyo, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita Wizara ya Elimu ya Juu, Mafunzo na Kazi, ina makao yake makuu Fredericton. Wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia jimbo hilo kutoka Kongo, Burundi na nchi jirani mara nyingi huijua kwa upande mmoja tu, yaani ule wa kuidhinisha maombi ya uhamiaji. Makala haya yanaeleza pande zake nyingine, kwa sababu mfanyakazi asiyezijua anaweza kupoteza haki ambazo sheria imekwisha kumpa.

Kwanza ni lazima mipaka ya madaraka ieleweke. Kanada ni shirikisho, na mambo ya viza, vibali vya kazi, ukaazi wa kudumu, uraia na bima ya kukosa ajira yamo mikononi mwa serikali kuu iliyoko Ottawa, ilhali mshahara, saa za kazi, likizo na notisi ya kuachishwa kazi, kwa wafanyakazi walio wengi, hutawaliwa na sheria ya jimbo. Wapo wanaobaki chini ya sheria ya shirikisho, wakiwamo wafanyakazi wa benki, wa mashirika ya ndege, wa kampuni za simu, na madereva wa malori yanayovuka mipaka ya majimbo. Jambo hili la malori linastahili kukumbukwa, maana kazi ya udereva inawavutia wageni wengi, na dereva anayepeleka malalamiko yake katika ofisi isiyohusika hupoteza muda ambao huenda akauhitaji baadaye.

Sheria ya jimbo inayohusu viwango vya ajira huweka kiasi ambacho mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake, hata kama mfanyakazi ametia saini mkataba unaosema vinginevyo. Kima cha chini cha mshahara hurekebishwa kila tarehe 1 Aprili kwa kufuata kupanda kwa gharama za maisha; kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 kilikuwa dola 15.65 kwa saa. Mfanyakazi ambaye hajafikisha miaka 8 kwa mwajiri wake hupata malipo ya likizo yasiyopungua asilimia 4 ya mshahara, na akifikisha miaka hiyo kiwango hupanda hadi asilimia 6. Anayeachishwa kazi pasipo kosa baada ya kutumika miezi 6 au zaidi anastahili notisi ya wiki 2, na aliyefikisha miaka 5 anastahili wiki 4, ama alipwe mshahara wa muda huo.

Saa za ziada zina utata unaowashangaza wengi. Baada ya saa 44 katika wiki, sheria inamtaka mwajiri alipe angalau mara moja na nusu ya kima cha chini, wala si ya mshahara anaoupata mfanyakazi mwenyewe. Kwa hesabu ya mwaka 2025, kiasi hicho ni takriban dola 23.48 kwa saa. Kwa hiyo fundi anayelipwa dola 25 kwa saa anaweza kufanya kazi saa 50 katika wiki moja asipate nyongeza yoyote kwa zile saa 6 za mwisho, na mwajiri wake asiwe amevunja sheria. Naona kanuni hii inawapunja mafundi wenye ujuzi, na kwa sababu hiyo namshauri kila anayepewa mkataba akiulize kipengele cha saa za ziada kabla ya kutia saini, kwani mkataba unaweza kutoa zaidi ya kile ambacho sheria inakilazimisha.

Anayeona amedhulumiwa hupeleka malalamiko katika ofisi ya viwango vya ajira ya wizara ndani ya miezi 12 tangu tukio lenyewe. Hatozwi ada, na hahitaji wakili. Aliyeumia kazini na kukataliwa fidia naye ana msaada wake: wizara inao watetezi wa wafanyakazi, ambao humsaidia bila malipo kuandaa na kuwasilisha rufaa yake. Waajiri nao wana watetezi wao, jambo ambalo naliona la haki, hasa kwa mwenye duka dogo asiye na uwezo wa kukodi mwanasheria.

Sehemu ya sheria inayowahusu wafanyakazi kutoka nje ndiyo ningependa ijulikane kuliko zote. Mwajiri anayeajiri wafanyakazi hao anatakiwa ajisajili kwa wizara. Haruhusiwi kuwatoza malipo ya kutafutiwa kazi, iwe moja kwa moja au kwa kukata mshahara wao baadaye. Haruhusiwi kushikilia pasipoti wala kibali cha kazi cha mtu. Na haruhusiwi kuwadanganya kuhusu kazi wanayoijia. Viwanda vya samaki vya pwani ya jimbo hilo, vinavyosindika kamba-mti na kaa, huajiri kila msimu watu kutoka mbali ambao vibali vyao vimefungwa kwa mwajiri mmoja, na mtu wa namna hiyo huogopa kusema kwa kuwa kazi yake, makazi yake na ruhusa yake ya kukaa nchini vyote vimeshikwa na mkono mmoja. Tangu mwaka 2019 serikali ya shirikisho imeweka kibali maalumu cha wazi kwa anayenyanyaswa au aliye katika hatari ya kunyanyaswa na mwajiri, kinachomwezesha kuondoka na kutafuta kazi kwingine. Basi wakala aliyeko Nairobi, Kampala au Bujumbura anayedai maelfu ya dola ili akupatie kazi New Brunswick anakuuzia kitu ambacho mwajiri mwenyewe haruhusiwi kukutoza. Ada rasmi za maombi ya uhamiaji zipo, lakini hulipwa serikalini.

Kwa upande wa waajiri, wizara hufanya kazi kupitia WorkingNB, ambayo kwa Kifaransa huitwa TravailNB. Ofisi zake, zilizoenea katika miji ya jimbo, huwasaidia waajiri kupata watu, huchangia sehemu ya mshahara wa baadhi ya waajiriwa wapya, na huwapangia wasio na kazi mafunzo yanayolingana na soko. Fundi umeme, fundi bomba au mchomeleaji hupitia mfumo wa uanagenzi, akifanya kazi chini ya fundi aliyehitimu na kuingia darasani kwa vipindi, mpaka afanye mtihani wa cheti cha Red Seal kinachotambuliwa katika majimbo yote. Madaktari na wauguzi wana mabaraza yao, na wizara haina mamlaka ya kuwasajili.

Mwajiri anayemhitaji mtu kutoka nje anaweza kutumia mpango wa uhamiaji wa majimbo ya Atlantiki, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 na kufanywa wa kudumu Januari 2022. Mwajiri huteuliwa kwanza na jimbo, kisha hutoa ajira. Mhamiaji hutengenezewa mpango wa makazi kwa ajili yake na familia yake, jimbo huidhinisha, ndipo maombi ya ukaazi wa kudumu yaende Ottawa. New Brunswick ndilo jimbo pekee la Kanada ambalo Kiingereza na Kifaransa vyote viwili ni lugha zake rasmi, na limekuwa hivyo tangu sheria ya mwaka 1969, kwa hiyo kila ofisi ya wizara inawajibika kukuhudumia kwa lugha utakayoichagua kati ya hizo mbili. Mkongo au Mrundi mwenye Kifaransa ana nafasi nzuri hapo, kwa kuwa jimbo linawatafuta kwa makusudi wahamiaji wa lugha hiyo. Asiyejua hata mojawapo aombe msaada wa ukalimani katika vituo vya kuwapokea wahamiaji, vilivyopo Moncton, Fredericton na Saint John.

Hapa ndipo maktaba zinapoingia, nami naamini kuziweka ndani ya wizara ya kazi ni uamuzi wa busara. Saint John ilipata maktaba yake ya umma ya bure mwaka 1883, ikiwa miongoni mwa za kwanza nchini Kanada. Leo mtandao wa jimbo una maktaba zaidi ya 60, nyingine zikiwa ndani ya shule. Jimbo hugharimia wakutubi, vitabu na mitambo, nayo manispaa hutoa jengo na kulitunza, na kwa mpango huo hata mji mdogo usio na mapato makubwa huwa na mkutubi anayelipwa na serikali. Mgeni ambaye hajapata kompyuta nyumbani huandikia wasifu wake pale, hutafuta matangazo ya kazi, husoma sheria ya ajira kwenye tovuti ya serikali, na watoto wake huketi kusikiliza hadithi kwa Kiingereza au Kifaransa. Mkazi wa jimbo hupewa kadi bila malipo, na kadi hiyo moja hutumika katika maktaba zote: aliyeko Saint John anaweza kuagiza kitabu kilichoko Edmundston, kaskazini-magharibi mwa jimbo, akaletewa hadi maktaba ya karibu naye.