Wa tano kati ya wangapi?

Juzi tena. Mama mmoja kaingia ofisini, na kabla sijamaliza kumkaribisha keshanisogezea simu. Kwenye kioo kuna duara la kijani, katikati namba 82. "Daktari, mwanangu akili yake ni 82. Nimhamishe shule au nimwache hapo hapo?"

Mimi si daktari, ni mpimaji wa akili za watoto, ila hilo nimechoka kulisahihisha. La 82 bado nina nguvu nalo, ndiyo maana naandika.

Mtoto mwenyewe, wa miaka tisa, alikuwa kwenye benchi la nje akimfundisha mdogo wake mchezo wa vidole ambao mimi, baada ya kuuchungulia raundi tatu, sikuambulia sheria hata moja. Sisemi huo ni ushahidi. Nasema niliona.

Watu wanaizungumzia IQ, hiyo namba ya kipimo cha akili, kama kilo za unga. Huyu anazo 82, yule 120, basi yule kamzidi huyu kilo 38. Jamani, hakuna kilo. Mwanasaikolojia Mjerumani Stern alipokuja na mgao wake mwaka 1912, angalau kulikuwa na hesabu ya umri: umri wa akili gawanya kwa umri wa kuzaliwa. Siku hizi hata hiyo hatufanyi. Tangu kipimo cha Mmarekani Wechsler cha mwaka 1939, tunachukua kundi la watu, tunawapa maswali yale yale, tunawapanga mstari kwa alama, wastani wao tunaubandika 100 na mkengeuko sanifu, yaani kadiri alama zao zilivyotawanyika, tunauita 15. Basi. Namba ni nafasi kwenye foleni. Sifuri ya kuanzia kuhesabu haipo, kwa hiyo ukisema wa 140 ana akili mara mbili ya wa 70 hujasema kitu, kama ambavyo wa kwanza darasani hajamzidi wa kumi mara kumi.

Na hili sisi tulipaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Mtoto akirudi na ripoti, "Baba, nimekuwa wa tano," mzazi mwenye uzoefu anauliza nini? Kati ya wangapi! Akisikia walikuwa saba, soda iliyokuwa imeshatolewa inarudi kwenye friji. Sasa kwa nini mzazi huyo huyo akionyeshwa 82 swali linamkimbia? 82 kati ya akina nani? Wa wapi? Waliulizwa kwa lugha gani?

Programu za simu hazina hata foleni ya kueleweka, tuziache. Shida ni kwamba hata sanduku langu la kipimo, la ghali, lenye vitofali na kitabu cha picha na mwongozo mnene, foleni yake ilipangwa nchi nyingine kwa watoto wanaosoma lugha nyingine. "Si unatafsiri tu?" Hapo ndipo ninapopandisha shinikizo la damu.

Chukua jaribio la tarakimu. Nasoma tarakimu moja kila sekunde, mtoto anarudia. Zitamke mwenyewe: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Kila moja silabi mbili. Kwa Kiingereza zote tisa ni silabi moja moja isipokuwa ile ya saba, "seven". Baddeley na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba kumbukumbu hii ya muda mfupi hushika takriban kile unachoweza kukitamka ndani ya sekunde mbili hivi. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly wakawapima watu wa Wales wanaosema lugha mbili, na watu wale wale wakashika tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi kuliko kwa Kiingereza, kwa sababu za Kiwelisi zinachukua muda zaidi mdomoni. Ubongo ule ule! Kilichobadilika ni ulimi. Sisi tuna adha ya ziada: tatu, tano, tisa, kisha sita, saba. Zinafanana, na sauti zinazofanana hugongana kichwani. Nimewaona watoto wakiingia 5-9-3 wakatoka 9-5-3, halafu wananitazama kwa imani kabisa.

Au msamiati. Maneno yamepangwa kutoka jepesi kwenda gumu, na mtoto akikosa kadhaa mfululizo unafunga kitabu. Mpangilio huo ulipatikana kwa lugha ya asili ya kipimo. Ukitafsiri, unavurugika. Mfano wangu mwenyewe (maswali ya kweli hayatolewi nje): theluji ni neno la chekechea kwa mtoto wa London; wa Newala kalionea kitabuni. Mwanaanga, kwa upande mwingine, kwa Kiswahili linajieleza lenyewe, mwana na anga, mtoto mwerevu analifumbua hata kama hajawahi kulisikia. Sasa mtoto wetu anakwama kwenye theluji na maneno mengine matatu ya aina hiyo, mwongozo unasema funga, unafunga. Mwanaanga kabaki ukurasa unaofuata, hajaulizwa. Alama hiyo unaiandika kwa wino.

Halafu kuna watoto wanaonyamaza. Anaingia, "Shikamoo," anakaa kwenye ncha ya kiti, na kila swali asilokuwa na uhakika nalo analijibu kwa kimya. Nyumbani amefundishwa kwamba kubahatisha jibu mbele ya mkubwa ni utovu wa adabu. Kipimo kimeundwa kikimtegemea mtoto anayerusha jibu lolote akacheka. Kimya chake kinapata sifuri sawa na kimya cha asiyejua.

Mwanasaikolojia Robert Serpell alilionyesha hili vizuri kuliko maelezo yangu. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Manchester kazi ya kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, wa Manchester walitamba. Kwa waya, ile ya kutengenezea magari ya kuchezea, Wazambia wakawaacha. Kwa udongo, sare. Sasa nani ana akili? Inategemea umeshika nini mkononi.

Kuna na kile kisa cha Wakpelle wa Liberia ambacho sisi wa fani hii tunasimuliana kama hadithi ya sungura. Watafiti walimpa mtu vitu avipange kwa makundi, wakitegemea vyakula huku, vifaa kule. Yeye akaweka kisu na chungwa pamoja, maana kisu ndicho hukata chungwa. Hivyo ndivyo mwenye hekima hufanya, akasema. Wakamuuliza, na mpumbavu angepangaje? Akapanga mafungu yale yale waliyoyataka. Nakipenda mno kisa hiki, na kwa sababu hiyo nakishuku: ni simulizi moja tu, na inatufurahisha kupita kiasi.

Utafiti wa Bagamoyo, uliochapishwa mwaka 2002 na Sternberg, Grigorenko na wenzao, ni mzito zaidi. Watoto walipimwa, wakafundishwa mbinu kwa muda usiozidi saa moja, wakapimwa tena. Alama zilipanda, lakini kinachonigusa ni kwamba foleni yenyewe ilijipanga upya: waliokuwa nyuma si wote waliobaki nyuma. Kule Embu, Kenya, watoto waliopimwa kwa picha za Raven (mafumbo ya maumbo ambayo mtoto huchagua kipande kinachokosekana) mwaka 1998 waliwazidi mbali wenzao wa 1984. Miaka 14. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14; chakula, shule na wazazi wanaosoma hubadilika.

Sasa nisijifanye malaika. Wapo wanaonisoma hadi hapa wakashangilia kwamba IQ ni uongo mtupu. Hapana. Tangu utafiti wa Mwingereza Spearman wa mwaka 1904 tunajua kwamba anayefanya vizuri jaribio moja huelekea kufanya vizuri na mengine, hata yasiyofanana, na jambo hili limejirudia nchi baada ya nchi. Kwa nini? Wengine wanasema ni uwezo mmoja wa jumla ulio chini ya yote. Van der Maas na wenzake wakasema mwaka 2006 kwamba huenda uwezo mbalimbali unalishana tu mtoto anapokua. Ugomvi unaendelea, na mimi hubadili upande kutegemea makala niliyosoma mwisho. Na kipimo hiki ninachokiponda asubuhi, mchana nakitumia, kwa sababu shule inataka barua yenye namba na kwa sababu mara nyingine kinanionyesha kweli mtoto anakwama wapi. Binet wa Ufaransa alitengeneza cha kwanza kwa kazi hiyo, mwaka 1905: kumtafuta mtoto anayehitaji msaada.

Tumrudie mama. Nikamuuliza maswali ya simu yalikuwa kwa lugha gani. Kiingereza. Nani aliyasoma? "Mimi nilikuwa namtafsiria." Na kubofya? "Nilimsaidia, alikuwa anachelewa, na saa inakimbia."

"Basi mama, hiyo 82 ni yenu wawili. Mtagawana."

Alicheka, kwanza kidogo, halafu sana. Nikamwita mtoto, nikampa karatasi anichoree chochote. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa penseli. Nikasogeza karatasi mbali, akaifuata na uso. Niliwaandikia barua ya kwenda kupima macho, namba sikuiandika.

Majibu ya macho bado.