Kinywa cha Mbwa na Paka: Maswali na Majibu

Swali: Mbwa wangu ananuka mdomo. Je, hiyo si kawaida ya mbwa?

Jibu: Si kawaida, ingawa wengi wetu tumeizoea. Mara nyingi chanzo ni ukoga, yaani utando wa bakteria unaojijenga juu ya meno kila siku, ambao usipoondolewa hushikana na madini ya mate na kuwa tabaka gumu la kahawia. Ufizi ukivimba na kutoka damu, hali bado hurekebishika. Mfupa unaoshikilia jino ukishaanza kuliwa, haurudi.

Swali: Nitajuaje kwamba anaumwa, ilhali bado anakula?

Jibu: Kula si kipimo, kwa kuwa njaa humlazimisha mnyama kula hata akiwa na maumivu. Mtazame anavyokula: je, anatafuna upande mmoja, anaangusha chakula, au anajikuna usoni? Uvimbe chini ya jicho, ambao wengi hudhani ni ugonjwa wa jicho, huweza kuwa usaha uliotunga kwenye mzizi wa gego la juu. Paka ni msiri zaidi, naye huweza kukaa na jino linalomomonyoka karibu na ufizi bila kutoa mlio. Lakini mbwa akitokwa udenda ghafla, taya likalegea au tabia ikabadilika, usimfungue kinywa kamwe, maana huenda ni kichaa cha mbwa. Mtenge na umwite daktari wa mifugo.

Swali: Nimpige mswaki kwa dawa yetu ya meno?

Jibu: Hapana. Sisi hutema povu, yeye humeza, na baadhi ya dawa hizo zina zailitoli, kiungo cha utamu kinachoweza kushusha ghafla sukari ya damu ya mbwa na kuharibu ini lake. Mswaki laini wa mtoto na maji matupu vinatosha, kila siku ikiwezekana, ukisugua hasa upande wa nje wa magego. Mbwa mzima ana meno 42 na paka 30. Usiyamalize yote siku ya kwanza.

Swali: Na mifupa?

Jibu: Mfupa mgumu huvunja meno, na uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo.

Swali: Kwa nini daktari anataka kumpa nusukaputi ili amsafishe tu?

Jibu: Kwa sababu uchafu wenye madhara makubwa umejificha chini ya ufizi, mahali ambapo hakuna mnyama aliye macho atakayekubali kuguswa. Kukwangua sehemu ya nje peke yake kunayapa meno weupe huku ugonjwa ukiendelea.